Saa za Maji Nilizomdanganya Trizah

Wiki iliyopita mliniacha nimekaa kitandani, hapa hosteli ya chuo Kilifi, nimeshika simu, naangalia picha ya Trizah amebebwa juujuu na wenzetu baada ya kunishinda uenyekiti wa Klabu ya Mikoko kwa kura kumi na moja. Wengi wenu mmeniandikia kunipa pole. Ahsanteni. Mkimaliza kusoma ya leo huenda mkataka pole zenu mrudishiwe.

Kwa mliochelewa kujiunga nasi: mimi ni Rufaida, binti wa Mambrui, mwaka wa tatu. Mwaka wa kwanza nilijaribu mijadala, nikashikwa na homa siku ya mchujo. Mwaka wa pili nikajaribu maigizo, nikapewa nafasi ya maiti. Klabu ya Mikoko niliianzisha mwenyewe na watu sita, tukipanda mikoko kwenye tope la hori, ule mkono wa bahari ulioingia nchi kavu, upande wa Mnarani, wakati wenzetu wangali wamelala.

Trizah ni mwenzangu wa chumba. Katoka Makueni, na bahari aliiona mara ya kwanza siku aliyoletwa chuoni. Aliyemwingiza kwenye klabu ni mimi. Leo yeye ndiye mwenyekiti, mimi naibu wake.

Basi, Jumanne ile aliingia chumbani mbio, hata viatu hakuvua.

"Rufaida! Wanakuja!"

"Kina nani?"

"Wafadhili! Bi Phoebe Gachanja mwenyewe, kutoka Nairobi. Jumamosi. Wanataka kutuona tukipanda. Na sikia hii." Akakaa kitandani kwangu, si kwake. "Wana nafasi moja ya Durban. Miezi mitatu, mafunzo ya vijana wanaotunza pwani. Kila kitu juu yao. Mmoja tu, kutoka klabu yetu!"

"Na mmoja huyo watamchagua vipi?"

Akaona haya. "Wamesema wataangalia namna mwenyekiti anavyoendesha shughuli."

Roho iliniuma, wasomaji wangu. Iliniuma palepale, upande wa kushoto, mahali ambapo mtu anaweza kuweka mkono. Nilimtazama Trizah na yale meno yake ya mbele yenye mwanya, yanayowafanya wahadhiri walikumbuke jina lake. Hata mama wa kantini humwongezea maharagwe. Mimi ninayemwamkia kila siku kwa shikamoo iliyokamilika hupimiwa kwa kijiko.

"Hongera," nikasema.

"Bado! Nataka unisaidie kwanza." Akatoa simu. "Tukianza kupanda saa tatu asubuhi, maji yatakuwa yametoka? Simu inaniambia yatajaa saa nne na nusu. Sasa si tutapanda ndani ya maji?"

Kwetu Mambrui hatuhitaji simu kujua maji. Tunahesabu mwezi. Mwezi ukiandama, na tena ukifika kumi na tano, ni bamvua: asubuhi bahari hutoka mpaka mtu akaokota kombe kwa miguu mikavu. Ukifika saba au nane ni maji mafu, yasiyo na nguvu ya bamvua, lakini kwenye saa nne, saa tano za asubuhi, bahari huwa imejaa. Mtoto wa chekechea kwetu anajua hivyo.

Jumamosi ile ingekuwa mwezi nane. Nilijua kabla hajamaliza swali.

"Hiyo simu yako inakupa maji ya Mombasa," nikamwambia. "Ndani ya hori maji yana saa zake. Saa tatu yatakuwa yametoka kabisa."

"Haki?"

"Trizah, mie nimezaliwa kwenye maji. Wewe umezaliwa kwenye mawe."

Akacheka mpaka akajilaza. "Kweli lakini! Sasa nani mwingine nitamuuliza?" Akaiweka simu pembeni, akachukua kalamu nene, akaandika kwenye karatasi ya manila: SAA TATU, KUANZA KUPANDA.

Sikupandwa na shetani. Watu hupenda kumsingizia. Nilikuwa mimi mwenyewe, na nilikuwa nimetoka kula.

Nilijiambia hakuna atakayeumia. Wageni watakuja, watakuta maji, watamwona mwenyekiti asiyeijua bahari, watauliza nani hapa anaijua. Basi. Mlezi wetu, Mwalimu Joram, alikuwa Nairobi kwa mkutano, na wanachama wengine wote ni watu wa bara. Neno langu kuhusu maji halikuwa na wa kulipinga.

Mtu mmoja tu nilimsahau.

Mama Pola ndiye kiongozi wa kina mama wa Mnarani wanaotukusanyia mbegu za mkoko. Zile mbegu ni ndefu kama kalamu, na huchomekwa topeni moja moja. Kwa ajili ya Jumamosi ile yeye na wenzake walikuwa wamekusanya wiki tatu, mti kwa mti, mpaka zikafika elfu tatu. Usiku wa kuamkia siku hiyo sikumfikiria hata mara moja. Nililala vizuri.

Jumamosi tulifika saa kumi na mbili unusu. Tope lilikuwa wazi, maji yamelala mbali. Trizah alinikumbatia mbele ya watu.

"Mnaona? Nani alisema tuamini simu?"

Tukafunga kamba, mstari kwa mstari. Kina mama wakapanga mbegu kwa mafungu kando ya kamba, ili wageni wakifika kila mtu ainame achomeke. Ilipendeza, sitaki kudanganya tena. Trizah alikuwa akipita katikati ya mistari akimwita kila mama kwa jina, nao wakimwitikia kama mtoto wao.

Saa mbili na kitu Mama Pola alinyooka, mkono kiunoni.

"Wanangu, haya maji yaja."

"Yanacheza tu, Mama," mmoja wetu akamjibu.

"Yacheza? Jiwe lile tulipofika nililiona lote. Sasa naona kichwa chake."

Trizah akanigeukia. "Rufaida?"

Hapo ndipo nilipopewa mlango. Ningesema, "Samahani jamani, nimekosea hesabu," tungekusanya mbegu zote kwa dakika kumi na tano na wageni wangetukuta tunakunywa chai. Kinywa nilikwisha kukifungua.

Lakini gari la wageni lilikuwa linaingia. Mwanamke mrefu mwenye kofia ya ukili akateremka, na neno lake la kwanza, kabla hata ya salamu, lilikuwa, "Mwenyekiti wetu yuko wapi?" Watu wote wakamnyooshea Trizah vidole kwa furaha.

"Leo ni maji mafu, Mama," nikasema. "Hayapandi mpaka hapa."

Maji mafu yalikuwa ya kweli. Hayapandi mpaka hapa niliitunga papo hapo.

Mama Pola alinitazama, kisha akayatazama maji. "Haya. Mimi mtu wa Ganze, bara, huku baharini nimeletwa na ndoa, na wenzangu hawa ni vivyo hivyo. Ninyi wenyeji ndio mjuao." Akainama, akaendelea kupanga mbegu zake.

Mnazijua shughuli zetu. Hakuna jembe linaloinuliwa kabla ya hotuba. Mtu wa ofisi ya chifu akasema, mwakilishi wa chuo akasema, mama mmoja akaomba dua kwa kirefu. Sote tulikuwa chini ya hema, tumeipa bahari mgongo. Mimi peke yangu nilijiweka pembeni, mahali pa kuiona.

Kisha akasimama Trizah.

Alizungumza vizuri, mwana yule. Hakusoma popote. Alieleza mkoko unavyoshika udongo, samaki wanavyozalia mizizini, kina mama wanavyoamka alfajiri. Bi Phoebe alikuwa anaandika. Kila alipogeuza ukurasa nilihisi kana kwamba ni mimi ninayefutwa.

Nikawa nayaomba maji yaharakishe. Ndiyo, nimeandika hivyo, na mhariri nimemkataza kulitoa.

"Na kabla sijamaliza," Trizah akasema, "kila ninachojua kuhusu bahari nimefundishwa na mtu mmoja. Mimi nilikuja hapa sijui hata chumvi yake. Rufaida, simama tafadhali wakuone."

Nikasimama. Wakanipigia makofi.

Mtu mwenye haya angeyeyuka pale. Mimi nilizidi kukasirika. Niliona hata sifa zangu sasa ni yeye anayezigawa.

Makofi hayajaisha, mama mmoja akapiga ukelele. "Mbegu! Mbegu zaenda!"

Tukageuka sote. Kamba za mbele zilikuwa hazionekani. Mafungu yalikuwa yamefunguka, na mbegu zilikuwa zikielea kwa mamia, zimelala juu ya maji, zikivutwa kuelekea ndani ya hori.

Kina mama waliruka na nguo zao. Wanafunzi wakawafuata, wengine na viatu. Trizah alikuwa mbele ya wote. Alikuwa akizikumbatia mbegu kwa mikono miwili, anazitia ndani ya fulana yake mpya ya klabu, anafuata nyingine, anakwenda mbele zaidi. Pale mbele kuna mkondo. Mimi naujua. Yeye hakuujua.

Alitumbukia mara moja. Kilichobaki juu kilikuwa mkono.

Nilisimama. Sijui kwa muda gani, na nimejiuliza mara nyingi. Haukuwa mrefu. Lakini mtu anayejua kuogelea tangu miaka mitano, akamwona rafiki yake anazama, hapaswi kuwa na muda wowote wa kusimama.

"Huyu mtoto hajui kuogelea!" Mama Pola alipaza sauti. "Rufaida!"

Jina langu ndilo lililoniingiza majini. Nikamfikia, nikamshika fulana kwa nyuma, nikamvuta mpaka kwenye tope. Alikohoa, akatapika maji, akanishika shingo, akakataa kuniachia.

Wageni walipiga makofi. Asubuhi moja, makofi mara mbili, na yote yangu.

Katika mbegu elfu tatu tuliokoa mabeseni mawili. Mama Pola aligeuza beseni la tatu kifudifudi, akalikalia, akaanza kujibandua tope vidoleni.

"Wiki tatu," alisema. Hakuwa akimwambia mtu.

Bi Phoebe alituita viongozi chini ya hema. Hakupandisha sauti, na ndiyo maana kila mtu aliogopa.

"Nataka kujua jambo moja. Saa hizi alizipanga nani?"

Nilikuwa na jibu tayari. Tangu Jumanne nilikuwa nalo. Trizah angeninyooshea kidole, nami ningesema kwa upole kwamba nilimshauri aangalie simu, akakataa, nyote mnajua alivyo. Neno langu lingekuwa la mtu wa pwani, la kwake la mtu wa Makueni. Nikamsubiri aseme jina langu.

Trizah alikuwa amejifunga leso ya Mama Pola, meno yanagongana.

"Mimi," akasema.

"Hukuuliza wenyeji?"

"Mimi ndiye mwenyekiti, Bi Phoebe. Ni mimi."

Bi Phoebe akafunga daftari. "Ulisema maneno mazuri sana leo. Lakini kina mama hawa wamepoteza jasho lao kwa sababu mtu hakuuliza. Nafasi ya Durban siwezi kukuandikia."

Trizah akaitikia kwa kichwa. Chozi moja lilimtoka, akalifuta kwa leso haraka, akadhani hatukuliona.

"Na wewe uliyeingia majini," Bi Phoebe akanigeukia. "Jina?"

"Rufaida Abdulghani."

"Naibu mwenyekiti? Mtu wa wapi?"

"Ndiyo. Mambrui."

"Mtu wa bahari hasa. Nikimaliza kuwasikiliza kina mama nitajaza fomu yako. Durban wanataka jina leo leo. Usiende mbali."

Nilifurahi. Nawaambia ukweli, kwa sababu nimeahidi kuusema hata ukinivua nguo: kifua kilijaa furaha. Mijadala, maigizo, kura kumi na moja, maharagwe ya kantini, yote niliyaona yamelipwa. Nilimtazama Trizah na leso yake ya kuazima, nikasema moyoni, leo na wewe uonje.

Nyuma ya ghala la kina mama pana mfereji. Tulikwenda huko kuosha miguu, mimi na yeye tu. Alinifungulia maji nianze mimi.

"Hongera," akasema. Alimaanisha. Hilo ndilo lililonishinda kila mara kwa Trizah, kwamba anamaanisha.

"Ahsante."

"Nataka kukuuliza kitu, na usikasirike."

"Uliza."

"Baba alinipigia jana."

Nilijua babake yuko Gongoni, kwenye mashamba ya chumvi. Picha yake iko juu ya meza yetu. Sikuwahi kujiuliza huko kwenye chumvi anafanya nini.

"Kazi yake ni kufungulia maji ya bahari yaingie kwenye mabwawa," Trizah akasema. "Miaka kumi na miwili. Nilipomwambia saa tatu, akaniambia hapana, mwanangu, asubuhi bahari itakuwa imejaa. Akaniambia tupande jioni, saa kumi."

Maji ya mfereji yalikuwa yanamwagika bure. Hakuna aliyefunga.

"Nikamwambia, baba, wewe ni mtu wa Makueni kama mimi. Rufaida amezaliwa Mambrui, hawezi kukosea. Akasisitiza. Nikamjibu vibaya, Rufaida. Sijawahi kumjibu baba vile. Nikamkatia simu."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia nini? Kwamba sikuamini?"

Nikaosha mguu ambao tayari ulikuwa safi.

"Kwa hiyo niambie wewe," akasema. "Sijamuuliza mtu mwingine. Ulikosea hesabu, sivyo? Mtu hukosea."

Alikuwa ananitazama usoni. Macho yake yalikuwa mekundu kwa chumvi. Nikaona kwamba anaogopa, na kwamba anachoogopa si Durban.

"Nilikosea," nikasema.

Trizah alipumua kwa nguvu, mabega yakashuka. Akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Nilijua! Nilijua tu. Pale hemani nilisema ni mimi kwa sababu nilichanganyikiwa. Nilifikiri, kama alikosea, haya, na kama hakukosea..." Akatikisa kichwa. "Sikutaka kusema mbele ya watu neno nisilo na hakika nalo. Sasa nina hakika. Twende."

"Wapi?"

"Kwa Bi Phoebe. Tumwambie saa ulizipanga wewe, ukakosea, mimi nikakubali bila kuuliza mtu mwingine. Kosa ni letu wawili, hakuna aibu. Na Mama Pola asikie pia. Atanionaje mimi, mtoto aliyempotezea wiki tatu bila kumuuliza mtu wa bahari hata mmoja?"

"Trizah, ngoja. Na nafasi ya Durban?"

"Ataamua mwenyewe akishajua. Hata akikupa wewe, itakuwa ya halali." Akacheka kidogo, cheko la mtu aliyetua mzigo. "Kwani wewe ungeweza kulala huko Durban ukijua mimi nimebeba kosa lako?"

Ningeweza. Jambo hilo nililijua nikiwa pale mferejini, na ndilo lililonitisha kuliko mkondo.

Alikuwa amekwisha kunivuta. Kutoka mferejini mpaka hemani ni kama hatua thelathini. Nilitafuta neno la kumzuia, kila nililolipata lilikuwa uongo mwingine, na kila uongo ulihitaji nimtazame. Nikikubali kwamba nilikosea, Bi Phoebe ataniuliza mimi, mtu wa Mambrui, nilikoseaje maji ya mwezi nane. Nikikana, Trizah atajua.

Bi Phoebe alikuwa ameketi, fomu juu ya goti, kalamu inakwenda. Mama Pola alikuwa kando yake na mabeseni yake mawili.

"Bi Phoebe, samahani," Trizah akasema, mkono wangu bado mkononi mwake. "Rufaida ana neno."

Kalamu ikasimama. Mama Pola akainua uso, akanisubiri kwa adabu, kama mtu anayemsubiri mwenye kujua.

Nikaitazama fomu. Jina langu lilikuwa limeandikwa nusu.